Njia ya Mahindi ya Njano

Siku niliyosikia kwamba mjukuu wangu Reine ameachishwa shule, nilikaa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua koti, nikasema sitoki pale mpaka nielezwe na mtu mwenye akili. Katika nyumba ile mtu mwenye akili, kwa hesabu yangu, nilikuwa mimi peke yangu. Mwanangu Elisée alikuwa anamenya ndizi. Mkewe, Joyeuse, alikuwa anakunja nguo. Na mtoto mwenyewe, miaka tisa, mzima wa afya, aliyezaliwa hapa Minnesota ambako basi la shule humfuata mtoto mpaka karibu na mlango, alikuwa amelala kifudifudi sebuleni juu ya ramani kubwa, saa nne asubuhi, Jumatatu.

Walinieleza kwa zamu, kwa upole, kama watu waliofanya mazoezi. Walikuwa wameandika barua kwa wakubwa wa elimu, sheria inaruhusu, mtoto atasomea nyumbani na kila mwaka atafanya mtihani. Vitabu wiki tatu, safari wiki moja. Elisée anaendesha lori, alikuwa amepanga na bosi wake. Joyeuse anauguza wazee siku za wikendi. Safari yenyewe si ya kutalii. Mtoto anachagua kitu kimoja cha humu ndani ya nyumba, kitu chochote, halafu familia nzima inakifuata nyuma mpaka mahali kilipoanzia.

Nikauliza kama mtu aliyepata akili anaweza kumtoa mtoto darasani ili akafuate kijiko. Nikawakumbusha kwamba mtembezi hula miguu yake. Elisée akasema ndiyo Mama, akaendelea na ndizi zake.

Wanaonijua pale mtaani kwetu Columbia Heights wanajua kwamba mimi si mtu wa kunyamaza, na katika habari ya shule nilikuwa na haki ya kusema. Mimi Goretti niliingia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka wa tisini na saba, nikitokea Fizi, Kongo, nimemshika Elisée mkono, ana miaka minane, na baba yake tumemwacha kaburini. Nilikaa kambini miaka kumi na minane. Nilichota maji kwa mafundi waliokuwa wakijenga kwa matofali, ndoo kichwani kutwa nzima, ili mtoto apate daftari. Alisoma chini ya turubai, watoto themanini na ubao mmoja, na sikumruhusu kukosa hata siku moja. Sasa mtu huyo huyo anamtoa binti yake kwenye shule yenye vioo na joto la bure, kwa hiari yake, na anataka nimpigie makofi.

Basi mwaka ule nilikuwa na hasira ya kudumu. Walifuata sukari mpaka kwenye mashamba karibu na Dakota, wakarudi wamejaa udongo mweusi, Reine amekumbatia mzizi mnene mweupe, ambao huku ndio unaotolewa sukari, kama amebeba mtoto. Walifuata maji ya bomba letu la jikoni. Hayo yaliwapeleka kaskazini, wakiupanda mto Mississippi, siku mbili, mpaka mahali unapotoka ziwani ukiwa mdogo, watu wanauvuka kwa kukanyaga mawe. Reine aliporudi alifungua bomba, akakinga kiganja, akasimama akiyatazama yale maji mpaka nikamwambia anaharibu. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mto huu aliuvuka kwa hatua kumi na tano. Anaelewa Kiswahili chote lakini kukisema ni kazi. Neno moja tu la Kiswahili analitumia kila saa: halafu. Kila anapoelezwa kitu, kabla hujameza mate, anauliza halafu? Ukimwambia maji yanasafishwa, halafu? Ukimwambia yanaingia kwenye mabomba, halafu? Mtoto wa namna hiyo darasani angechapwa, angalau katika darasa la zamani.

Lililonichosha ni majirani zetu wa chumba cha sala. Tunakutana kwa zamu nyumbani kwa watu, Wakongo kwa Watanzania, na kila nilipoingia wananiuliza mjukuu anasoma wapi. Nikasema yote mbele yao, siku moja, baada ya sala. Nilisema mwanangu amekula mbegu niliyohifadhi. Elisée akasimama. Sikutegemea. Akasema mbele ya watu wote:

"Mama, utupatie mwaka mmoja tu. Kisha tutaenda safari moja sisi wote, na kitu ya kufuata utachagua wewe. Ukisha kuona, neno yako njo ya mwisho. Ukisema arudi école, shule ya darasani, atarudi, na mimi sitabisha."

Watu wote walisikia. Joyeuse aliinamisha kichwa, na nilimwona Reine akimtazama baba yake kama mtu aliyeuzwa. Alikuwa akiipenda ile elimu yao ya barabarani kuliko kitu chochote duniani, hilo sikuwahi kulikana. Tangu siku ile alinisalimia kwa heshima iliyozidi, maskini, akijua maisha yake yako mkononi mwangu.

Mwaka ulipoisha, mwezi wa kumi, nilichagua. Nilikuwa nimefikiri sana, na sikufikiri kwa wema. Nilisema: fuateni unga wa njano.

Hapa lazima nieleze. Kambini tulikuwa tunapewa mahindi kwa mgao, na miaka sita ya mwanzo yalikuwa ya njano. Kwetu ugali ni wa muhogo, mweupe, na hata Watanzania waliotuzunguka walijua mahindi ni meupe. Haya yalikuwa ya rangi ya dawa. Magunia yamechapwa maandishi ya Amerika. Haikupita wiki habari ikatembea mistari yote ya mahema ya kambi: hayo ni chakula cha ng'ombe wa Wazungu, yamewekewa dawa, mwanamke akiyala hazai tena, mtoto akiyala damu inakuwa maji na akili inaganda. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeharibika. Hata mwalimu wa Elisée, aliyesoma Bukavu, aliyekuwa anavaa tai, alituambia wazazi tuwe waangalifu.

Wengi walikula kwa sababu njaa haina adabu. Mimi sikula. Kila siku ya mgao nilibeba mahindi yangu mpaka kwenye soko la nje ya kambi nikabadilishana na wenyeji: bakuli mbili za njano kwa bakuli moja ya unga wa muhogo. Niliamini wanawapa kuku wao. Miaka sita. Mwanangu hakuonja unga wa njano hata siku moja, na mtihani wa mwisho akatoka wa kwanza mtaani kwetu. Hilo nililisimulia chumba cha sala mara nyingi, na wanawake walikuwa wanasema amina. Lilikuwa taji langu. Sikuwa na mali nyingine ya kuonyesha.

Kwa hiyo nilipochagua unga wa njano nilijua ninachofanya. Nilitaka mtoto aone mwenyewe mahali ambapo watu huchukua chakula cha mifugo na kukituma kwa wakimbizi. Nilitaka arudi amenuna, aseme kwa mdomo wake kwamba kuna vitu ni afadhali kuvisoma kitabuni. Na kama njia ingekatikia baharini, vizuri pia, mchezo ungeishia hapo.

Reine alifanya kazi wiki mbili bila kunung'unika. Alianzia kwenye pakiti ya dukani. Wazazi wake wakampeleka kwenye kinu, halafu kwa wakulima huko juu, mbele ya Anoka, ambako waliwakuta watu wakivuna kwa mashine zenye ukubwa wa nyumba. Huko wakaambiwa mahindi yanayokwenda mbali hupelekwa Savage, kusini ya mji, kwenye mto. Na Savage, kama bahati, ndiko anakofanya kazi Callixte, mwimbaji wetu wa sauti ya chini pale chumba cha sala. Anapakia nafaka. Aliomba ruhusa kwa wakubwa wake, wakakubali tuje watu wanne, tuvae kofia ngumu na tusimame tutakapoambiwa.

Tulikwenda Alhamisi. Nilikaa kiti cha mbele kwa sababu mimi ndiye hakimu. Tulipita katikati ya Minneapolis, tukashuka kusini mpaka tukauvuka mto Minnesota, miti ya bondeni imegeuka rangi zote za moto. Joyeuse alikuwa ameshika mkono wa Reine. Nilimwona kwenye kioo na moyo ukaguswa kidogo, nikaangalia pembeni.

Savage ni mji mdogo, nyumba za kawaida, na kama hujui unaweza kupita bila kushuka mtoni. Tuliposhuka, kitu cha kwanza nilichoona ni malori. Yamepanga foleni mpaka barabarani, lori nyuma ya lori, siwezi kuuona mwisho. Kila moja linafika mahali penye wavu wa chuma chini, linafunguliwa tumbo, na mahindi yanamwagika.

Ya njano.

Nilijua yatakuwa ya njano. Nilikuja kuyaona. Lakini kujua ni kitu kingine. Nilikuwa nimezoea kuyaona katika bakuli, nikiyachukia bakuli kwa bakuli, na sasa yalikuwa yanaanguka kama mvua ya masika, lori zima kwa dakika chache, yanatoa vumbi lenye harufu tamu, na kabla vumbi halijatulia lori jingine limeshasogea. Maghala ya saruji yamesimama juu yetu, marefu, sikuweza kuona kilele bila kushika kofia. Callixte alisema yote yale yamejaa. Nikamwuliza yamejaa nini. Akacheka, akasema, "Maman Goretti, hii hii unayoona."

Nilimshika Callixte mkono. Mimi ni mtu wa kulima. Najua hindi moja linataka nini: jembe, mvua, palizi, mgongo wa mwanamke. Nilijaribu kufikiri migongo iliyoleta haya yote nikashindwa. Nilisema Bwana wangu, Bwana wangu, na sikuwa nasali, nilikuwa sina neno jingine.

Alitupeleka kwenye jukwaa la chuma juu ya maji. Chini yetu kulikuwa na tishari, lile jahazi bapa la chuma lisilo na injini, ambalo Callixte analiita barge, refu kuliko kanisa kubwa. Bomba nene linatoka ghalani kwa juu na kumimina mahindi ndani yake bila kukatika. Mto wenyewe ni wa kahawia na hauna haraka. Callixte alimweleza Reine kwa Kiingereza na Reine akanieleza mimi, kwa kuonyesha kwa kidole na maneno nusu nusu: tishari hili litafungwa na mengine, litasukumwa mpaka Mississippi, chini ya madaraja ya Saint Paul, halafu majuma kadhaa kusini, mpaka New Orleans, kwenye meli. Ndiyo maji yetu yale yale ya bombani, mto ule aliouvuka kwa kukanyaga mawe. Kisha akatoa daftari lake na kunionyesha alivyoendelea. Alikuwa ameandika yote: bahari, bandari ya Dar es Salaam, reli ya kati, stesheni ya Kigoma, lori, kambi. Ameuchora mstari mmoja kwa kalamu ya njano na haukukatika popote. Mtoto wa miaka kumi. Mimi niliyekaa mwisho wa mstari ule miaka kumi na minane sikuwahi hata siku moja kujiuliza unaanzia wapi.

Aliuliza tishari linachukua kiasi gani. Tani elfu moja na mia tano, akasema Callixte. Reine akaniuliza mgao wetu ulikuwa kiasi gani. Nikamwambia kilo kumi na mbili, mtu mmoja, mwezi mmoja. Na kambi watu wangapi? Elisée akajibu, elfu sitini, wakati ule. Reine akapiga magoti juu ya chuma, akafanya hesabu, akairudia, akaketi na kuangalia chini kwenye tishari. Halafu akasema, pole pole, kwamba kilichokuwa chini ya miguu yetu kingelisha kambi nzima miezi miwili.

Nilitazama tena. Kambi nzima. Mistari yote, vilio vyote vya jioni, wajawazito, wazee, watoto wote wa chini ya turubai, miezi miwili, na yote imelala kimya ndani ya chombo kimoja, na vyombo vingine vitatu vinangoja zamu. Nilihisi udogo ambao sijawahi kuuhisi hata nilipopanda ndege. Mahali fulani kulikuwa na watu waliojaza chombo kama hiki na hawakunijua jina. Hawakuwa na muda wa kunichukia. Walikuwa na foleni ya malori.

Tuliposhuka, tulisubiri kando ya foleni ili Callixte aturudishie vitambulisho tulivyoviacha ofisini. Kwenye lori lililokuwa karibu nasi alikaa mwanamke Mzungu, mzee wa umri wangu au zaidi, ameegemea usukani, anakula. Alimsalimia Reine kwa sababu mtoto alikuwa anamkodolea macho. Reine hajui aibu, akamwuliza anakula nini. Mkate, akasema, wa mahindi yake mwenyewe. Kila msimu anabakiza kidogo, anasaga. Akainua kipande tukione. Kilikuwa cha njano mpaka ndani.

Akateremka, akatukatia. Reine alipokea, Joyeuse akapokea, Elisée akapokea. Nilimwambia Reine amwulize kama hayo si ya ng'ombe. Yule mama alicheka. Alisema ng'ombe wake wanakula, ndiyo, nguruwe pia, na yeye pia, na mama yake kabla yake alimkuza kwa uji wa hayo hayo, na watoto wake sita. Mmoja ni daktari wa meno. Hakukuwa na dawa wala siri. Alinisogezea kipande changu kwenye karatasi, na mikono yake ilikuwa imepasuka pasuka kwenye vidole kama ya mtu anayelima. Nikala. Kilikuwa kitamu na mimi nilikasirika kwamba ni kitamu.

Foleni ikasogea, akapanda lori lake, akaenda zake. Reine akafungua daftari tena, akaweka kalamu mwisho wa mstari wa njano, pale palipoandikwa kambi, akaniangalia mimi.

"Halafu, Bibi?"

Ananiita Bibi kama watoto wa Tanzania, kwa kuwa baba yake alikulia huko. Nikamwuliza halafu nini, si yamefika. Akatikisa kichwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba safari haijaisha, hayakuishia kambini, yaliishia kwa mtu. Baada ya kukabidhiwa wewe, yalikwenda wapi?

Basi nikamsimulia. Nilikuwa bado nina taji langu kichwani. Nilimweleza soko, wenyeji, unga mweupe wa muhogo, bakuli mbili kwa moja, miaka sita, na baba yake hakuonja hata punje. Nilimweleza kwa sauti ile ile ya chumba cha sala, nikingoja amina.

Reine aliandika. Aliandika kumi na mbili, akaandika nyingine kumi na mbili, mimi na baba yake, akazijumlisha, akazigawa kwa mbili. Alitazama alichopata. Hakuwa anahukumu mtu, alikuwa anafuata tu mahindi kama alivyofundishwa. Kisha akasema kwa Kiswahili, mwenyewe, bila kuombwa:

"So Papa alikula nusu."

Sikuwahi kulifikiri hivyo. Naapa mbele ya Mungu. Nilikuwa nimefikiri juu ya rangi, na damu, na akili kuganda. Nilifikiri nimemtolea mwanangu kilicho bora. Miaka ishirini na zaidi nilijua nimebadilisha mbili kwa moja, nilijisifu kwa hilo, na sikuwahi kuweka ile nusu iliyopotea mezani na kuitazama. Mifupa ya mabega yake alipokuwa na miaka tisa. Jinsi alivyokuwa akilala mapema ili siku iishe. Nilidhani ni mtoto mtulivu.

Nilimgeukia. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, kofia ngumu kichwani, anaangalia viatu kama mtoto aliyekamatwa.

"Ulikuwa na njaa," nilimwambia.

"Mama, wacha."

"Nakuuliza."

Aliyatazama malori yakinguruma nyuma yetu. Halafu akasema, "Mi nilikula ya njano, Mama. Kwa Mama Uwimana, mstari wa nyuma. Siku moja nilianguka njiani nikitoka école, akanibeba kwake, akanipa ugali. Akaniambia nikuje kila siku, lakini nisikuambie, sababu utalia. Nilikula kwake miaka tano."

Mama Uwimana. Mjane mwenye watoto wanne. Nilikuwa simsalimii vizuri kwa sababu alikuwa anawapikia wanawe ule unga, nilimwona mzembe. Nilisimulia habari zake kwa wanawake wengine. Naye alikuwa anachukua kwenye sufuria ya watoto wanne na kumpa wa tano, wangu, na kunilinda nisijue. Alifariki kambini kabla sisi hatujaondoka, na kwenye mazishi yake nilisimama nyuma kabisa.

Nililia, na kwa kuwa sijui kulia kimya, Callixte alitoka mbio ofisini akidhani nimeumia. Joyeuse alinishika kiuno. Lakini naomba nieleweke: si uchungu peke yake ulioniliza. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo mahindi yanaanguka kutoka mbingu ya saruji, yanavuka nusu ya dunia juu ya maji, yanapita bandari na reli na mikono ya watu maelfu, yanafika mpaka mlangoni pangu mimi Goretti, mkimbizi, mjane, mwanamke asiye na kitu, mimi nayakataa, na bado Mungu anayazungusha, yanapita mstari wa nyuma, yanaingia kinywani mwa mtoto wangu kwa siri. Yalikuwa yametumwa kwake na yalimfikia. Nani anaweza kusimama mbele ya jambo hilo na asilie?

Reine aliogopa. Alidhani amekosea, na kwamba kosa lake limeniudhi, na kwamba sasa hukumu imeshatolewa. Alifunga daftari taratibu akalificha nyuma yake. Alisema pole, Bibi, pole, mara nyingi, na macho yake yakajaa.

Nilikuwa nimeahidi kutoa neno langu Jumapili, chumba cha sala, mbele ya mashahidi. Sikungoja. Nilimwambia alete daftari. Nikamwambia achore mstari kutoka mkononi mwangu mpaka soko, na mwingine kutoka kambi mpaka mlango wa Mama Uwimana, halafu baba yake. Alichora. Mstari ulifika kwa baba yake.

Kisha nikamwambia Elisée neno langu, na Callixte ni shahidi. Nilimwambia:

"Tulikuwa watu elfu sitini. Tulikuwa na walimu wenye tai. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesimama hapa, kwa hiyo wote tuliamini, na mimi nilikunyima chakula huku nikijisifu kwamba nakupenda. Huyu mtoto asirudi shule."

Elisée alivua ile kofia ngumu, akaniinamia, akaweka paji la uso wake begani mwangu kama alivyokuwa akifanya zamani akiwa na miaka tisa, nami ndipo nilipoelewa kwamba zamani zile ilikuwa njaa.